Pikipiki Ikichemka Kwenye Mpando wa Newala

Bodaboda nyingi za Mtwara na Lindi, Boxer na TVS za kawaida zikiwamo, hazina rejeta. Injini inapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda (vile vibati vyembamba vya chuma vinavyoizunguka), ikisaidiwa na oili. Ndiyo maana kwenye lami ya Mingoyo unaweza kwenda na jua la Novemba bila shida, lakini ukiingia kwenye mchanga, au ukianza kupanda Newala na gunia la korosho nyuma, inachemka: injini inafanya kazi kubwa, mwendo ni mdogo, upepo haupo.

Kwanza nguvu hupungua, kisha ukiongeza mafuta unasikia mlio wa kugongagonga. Nyutro inakuwa ngumu kuipata, na harufu ya oili iliyoungua inapanda. Hapo usijipe moyo kwamba kilele kiko karibu. Simama kivulini, zima, subiri dakika 20 hadi 30. Kuiacha ikiunguruma imesimama hakuipozi. Na usimwagie maji: chuma cha moto kikipoa ghafla upande mmoja hupinda au kupasuka, na gasketi ya hedi huanza kuvuja. Kiki ikigoma kabisa kushuka, huenda pistoni imenata. Usiisukume ikiwa kwenye gia ili iwake, utachubua silinda.

Ikishapoa, pima oili pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Injini nyingi za aina hii huchukua takriban lita 1, kwa hiyo ikipungua robo lita tu pengo ni kubwa. Kwa joto la pwani oili ya uzito wa 20W-50 inafaa, na kopo liwe na alama ya JASO MA, yaani kiwango cha oili za pikipiki. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Baadhi ya oili za magari huifanya iteleze, na klachi inayoteleza nayo inazalisha joto. Kwa mchanga na mizigo, badilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000, ukiimwaga ingali ya vuguvugu.

Kama oili ipo na bado inachemka, shuku kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Wengi humwambia fundi "ibane isile mafuta", naye anashusha sindano au anaweka jeti ndogo. Petroli inapungua kweli, lakini mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, unaungua kwa joto kali, na akiba ya wiki chache inaishia kwenye pistoni na ringi mpya. Fungua plagi uisome: rangi ya kahawia hafifu ni salama, nyeupe kama chokaa, injini inakosa petroli, nyeusi yenye masizi, petroli imezidi au filta ya hewa imeziba vumbi. Ikiwa nyeupe na kabureta haijaguswa, kunja mpira unaoiunganisha na injini uangalie nyufa, maana hewa huingilia hapo. Usitoe filta ili "ipumue": mchanga wetu utasaga silinda.

Petroli ya chupa ya vijijini nayo ina lawama yake. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini itagonga hata kama vingine vyote viko sawa.

Mapezi yaliyojaa tope na oili yasugue kwa brashi na mafuta ya taa, kisha sabuni, injini ikiwa baridi. Ondoa maturubai na madumu unayoning'iniza kwenye bampa ya mbele, yanaziba upepo.

Mlimani panda kwa gia ya 2 mapema. Kuilazimisha gia ya 4 huku injini inatetemeka ndiko kunakoichosha.

Mwisho, inua tairi la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likikwama upesi, breki inabana au cheni imekazwa mno. Cheni iachie icheze milimita 20 hadi 30 katikati, na uipime mzigo ukiwa umeshushwa.