PAYE imekatwa vibaya kwenye salari slipu: namna ya kuikagua na kudai kilichozidi

Binamu yangu, muuguzi wa zahanati ya binafsi, alinitumia picha za salari slipu zake nane. Mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, ni shilingi 1,200,000. PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) aliyokatwa ni 188,000 kila mwezi, wakati ilitakiwa iwe 152,000. Kwa miezi minane hiyo ni 288,000, ada ya mtoto.

Tanzania, mwenye ajira moja tu na asiye na kipato kingine hajazi ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na kodi. Alichokata mwajiri ndicho kimekatwa. Usipokagua wewe, kosa linaweza kukaa miaka.

Hatua ya 1. Kusanya slipu zote tangu mshahara ulipobadilika, pamoja na mkataba.

Hatua ya 2. Piga hesabu mwenyewe, kwa karatasi. Vikokotoo vya mtandaoni sivitaki kabisa kwa kazi hii, maana vingi vinatoa jibu bila kuonesha kilichoondolewa kwanza, na kosa hukaa hapohapo. Toa NSSF yako (mchango wa hifadhi ya jamii, 10%) kwenye ghafi, kisha tumia viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021: hadi 270,000 hakuna kodi, inayozidi hapo hadi 520,000 ni 8%, hadi 760,000 ni 20,000 na 20% ya kinachozidi 520,000, hadi 1,000,000 ni 68,000 na 25% ya ziada, zaidi ya hapo ni 128,000 na 30% ya ziada. Kwa binamu: 1,200,000 toa 120,000 ni 1,080,000. Kodi ni 128,000 na 24,000 (30% ya 80,000), jumla 152,000.

Hatua ya 3. Tafuta chanzo kabla hujaenda kwa mhasibu. Hapa nilipoteza Jumamosi nzima. Slipu yake ilionesha NSSF juu na PAYE chini, nikaamini NSSF ilitolewa kwanza. Sivyo. Mpangilio wa mistari kwenye slipu hauoneshi mpangilio wa hesabu. Jioni ndipo nikajaribu kutoza ghafi yote: 128,000 na 30% ya 200,000. Ikaja 188,000 kamili. Kwenye programu ya mishahara, NSSF iliwekwa kama makato ya kawaida baada ya kodi, sawa na mkopo wa SACCOS.

Kwa hiyo jaribu makosa moja moja hadi tarakimu zilingane na za slipu, bila kubaki hata shilingi. Ukiona PAYE imepungua, huenda HESLB (marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, 15% ya mshahara wa msingi) imetolewa kabla ya kodi, na hilo si sahihi. Ukiona 30% tupu bila ngazi, yaani 324,000 kwa mfano wetu, umeingizwa kama mwenye ajira ya pili. Waliohama kazi waangalie sana hapa. Na usianzie mwezi wenye malimbikizo au ovataimu. Chagua mwezi mtupu, la sivyo utakimbiza kosa lisilokuwepo.

Hatua ya 4. Uliza fedha iko wapi. Mwombe mhasibu akuoneshe mstari wako kwenye ritani ya PAYE ya mwezi husika, ile inayopelekwa TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla au ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ikiwa TRA walipelekewa 152,000, tofauti ipo kwa mwajiri na akurudishie yeye. Ikiwa walipelekewa 188,000, mwajiri ndiye mwenye kazi ya kurekebisha ritani zake. Bila jibu hili utazungushwa ofisi hadi ofisi.

Hatua ya 5. Andika barua, si ujumbe wa simu. Weka jedwali: mwezi, iliyokatwa, stahili, tofauti. Omba kwanza mpangilio wa programu urekebishwe, kisha fedha.

Ukikatwa pungufu, sema vilevile, na mapema. TRA wakimdai mwajiri, naye atakudai yote kwa mkupuo.

Slipu ya binamu ya mwezi huu imekuja na 152,000. Zile 288,000 wamekubali kuzirudisha kwa awamu mbili, na tarehe zote mbili zimeandikwa kwenye barua yenye mhuri.