Namna ya kukadiria nafasi ya mwanafunzi kudahiliwa katika vyuo vikuu vyenye ushindani mkali

Swali la "je, ataingia Harvard?" halina jibu la ndiyo au hapana, lakini lina jibu lenye manufaa: kadirio la uwezekano, kwa tarakimu, kwa kila chuo. Kadirio hilo ndilo linaloamua vyuo gani viingie kwenye orodha, ombi la mapema (linalopelekwa na kujibiwa kabla ya msimu wa kawaida) lipelekwe wapi, na ada za maombi zitumike kwa nini. Makosa mengi hutokea kwa sababu watu huanza na sifa za mtoto. Anza na chuo.

Tafuta takwimu halisi

Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Andika jina la chuo pamoja na maneno hayo kwenye mtandao, uchukue waraka wa karibuni. Sehemu C1 inaonyesha idadi ya walioomba na waliodahiliwa. C7 ni jedwali la mambo yanayoangaliwa, kila moja likiwekewa uzito: muhimu sana, muhimu, linazingatiwa, halizingatiwi. C9 ina alama za SAT na ACT, yaani mitihani ya kuingilia vyuo vya Marekani, C10 ina nafasi ya wanafunzi darasani, na C21 ina hesabu ya maombi ya mapema kwa vyuo vyenye utaratibu huo. H6 inaeleza misaada ya fedha kwa wanafunzi wa kimataifa, na ndiyo sehemu ambayo familia nyingi huisahau.

Usiamini kiwango cha jumla

Kwa wanafunzi walioingia mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 na kudahili 1,937, yaani asilimia 3.59. Lakini humo wamo wanamichezo waliotafutwa na makocha, watoto wa wahitimu na watoto wa wafanyakazi wa chuo. Nyaraka za kesi dhidi ya Harvard kuhusu kuzingatia rangi katika udahili, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2023 zilionyesha kwamba wanamichezo hao walidahiliwa kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 80. Ukiwatoa, anayebaki bila msukumo wowote wa namna hiyo ana nafasi ndogo kuliko tarakimu inayotangazwa.

Chukua mfano wa kubuni. Chuo kimepokea maombi 50,000 na kudahili 3,000: asilimia 6. Kati ya hao, 1,000 walitoka kwenye maombi ya mapema 6,000. Basi maombi ya kawaida ni 44,000 kwa nafasi 2,000, sawa na asilimia 4.5 tu. Kama chuo kinatoa takwimu za waombaji wa kimataifa peke yao na zinaonyesha 10,000 kwa nafasi 300, mwombaji wa kimataifa anaanzia asilimia 3, nusu ya ile iliyotangazwa. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ni mfano hai wa pengo hili: kiwango cha waombaji wa kimataifa huwa chini ya nusu ya kile cha jumla.

Asilimia ya waombaji wa mapema nayo isikulevye. Wanamichezo na watoto wa wahitimu hujazana humo, hivyo sehemu ya ule unafuu ni yao. Hata hivyo, pale ambapo ombi la mapema linamfunga mwombaji kwenda akikubaliwa, faida fulani hubaki hata kwa wengine, kwa kuwa chuo kina uhakika wa kumpata.

Alama hufungua mlango, hazikuingizi ndani

Kwenye C9 tafuta alama mbili: ile ambayo robo ya wanafunzi wako chini yake, na ile ambayo robo wako juu yake. Mwanafunzi aliye chini ya ya kwanza anahitaji sababu nyingine nzito ya kukubaliwa. Kama haipo, punguza kadirio lako angalau kwa nusu. Aliye katikati, liache kama lilivyo. Aliye juu ya ya pili, ongeza kidogo tu. Sababu ni hii: katika msimu mmoja uliochambuliwa kwenye kesi hiyo ya Harvard, kulikuwa na nafasi kama 1,600, huku waombaji wapatao 3,400 wakiwa na alama kamili ya hisabati kwenye SAT, wapatao 2,700 wakiwa na alama kamili ya sehemu ya lugha, na zaidi ya 8,000 wakiwa na wastani kamili wa masomo.

Angalia pia sera ya mtihani. MIT ilirudisha sharti la SAT au ACT mwaka 2022. Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech zilitangaza kulirudisha mwaka 2024. Chuo Kikuu cha California hakitazami alama hizo kabisa katika udahili. Pale ambapo mtihani ni hiari, soma asilimia ya wanafunzi waliowasilisha alama: ikiwa ni ndogo, alama zinazochapishwa zimepanda kwa sababu wenye alama za chini hawakuzipeleka.

Matokeo ya shule husomwa kulingana na kilichokuwepo shuleni hapo. Kama shule ina masomo magumu zaidi, mfano ya AP au IB (programu za masomo ya sekondari ya ngazi ya juu), na mwanafunzi ameyakwepa, wastani mzuri haumwokoi. Kama shule haina, hahukumiwi kwa hilo, mradi taarifa ya shule inayotumwa na mwalimu mshauri ieleze wazi. Mara nyingi taarifa hii huandikwa kwa mistari mitatu, na mwanafunzi hodari hupotea hapo.

Pima mambo ya nje ya darasa bila huruma

Maofisa wa Harvard walikuwa wakitoa alama kuanzia 1, iliyo bora, katika masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na haiba. Nawe tumia ngazi rahisi kwa kila shughuli: 1 kwa mafanikio yanayotambulika kimataifa au kitaifa, 2 kwa ngazi ya mkoa au kazi yenye matokeo yanayopimika, 3 kwa uongozi wa kawaida shuleni, 4 kwa ushiriki tu. Mwenyekiti wa klabu ya mdahalo ni 3. Aliyeunda programu inayotumika na shule kadhaa ni 2, ikiwa shule hizo zinaweza kuthibitisha. Mwenye 3 na 4 peke yake, hata kama ziko kumi, hajatofautiana na wengine kwenye vyuo vinavyodahili chini ya asilimia 10. Kazi za nyumbani na ajira nazo zihesabiwe: kulea wadogo saa ishirini kwa wiki ni wajibu mzito, na maofisa wazuri huusoma hivyo ukiandikwa bila kupambwa.

Fedha ndiyo inayobadilisha hesabu

Kwa mwombaji wa kimataifa anayehitaji msaada, hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin haziangalii uwezo wa kulipa zinapoamua, hata kwa waombaji wa kimataifa, na hukidhi mahitaji yote yaliyothibitishwa. Brown ilijiunga kwa wanaoingia kuanzia 2025. Vingine vingi, Stanford, Columbia na Cornell vikiwemo, huzingatia ombi la msaada la mwombaji wa kimataifa wakati wa kuamua. Kwenye vyuo hivyo punguza kadirio kulingana na kiasi kinachoombwa: familia inayoweza kulipa sehemu kubwa haiko sawa na ile isiyoweza kulipa chochote.

Fungua H6. Kama chuo kimewasaidia wanafunzi wa kimataifa 40 katika miaka yote minne, ni kama 10 tu wanaoingia kwa mwaka. Gawanya kwa idadi ya wanaoomba msaada kadiri unavyoweza kuikisia, uone ilivyo finyu. Kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo kitumike kabla ya kuomba. Ukikuta mwanafunzi hawezi kulipia chuo hata akikubaliwa, uwezekano wake huko uandike sifuri.

Uingereza ni hesabu nyingine

Oxford na Cambridge hazisomi shughuli za nje kwa uzito huo. Huangalia kozi, alama zinazotarajiwa, mtihani wa kozi na usaili. Mwombaji hawezi kuomba zote mbili katika mwaka mmoja, na mwisho wa maombi kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, ni 15 Oktoba. Usitumie kiwango cha chuo kizima: Oxford, kozi ya uchumi na menejimenti na ile ya sayansi ya kompyuta hudahili chini ya mmoja kati ya kumi, ilhali masomo ya Kigiriki na Kilatini huchukua zaidi ya robo ya waombaji. Kama kozi inadai A*A*A kwenye mitihani ya A-level na mwalimu anatarajia AAB, usipoteze nafasi ya ombi kwa kozi hiyo. Itumie kwenye chuo kingine.

Weka pamoja

Kwa kila chuo andika kiwango cha kundi la mwanafunzi, kisha rekebisha kwa alama, shughuli na fedha. Usizidishe zaidi ya mara mbili bila mafanikio ya ngazi ya 1. Kisha panga makundi matatu: chini ya asilimia 15, kati ya 15 na 60, na zaidi ya 60.

Jihadhari na mtego huu: vyuo kumi vyenye asilimia 5 kila kimoja vinaonekana kutoa asilimia 40 ya kupata angalau kimoja. Hesabu hiyo ni sahihi tu kama maamuzi hayategemeani, na kumbe yanategemeana, kwa kuwa insha dhaifu au barua baridi ya mwalimu husomwa kote. Kwa hiyo orodha iwe na angalau vyuo viwili vya kundi la tatu ambavyo familia inaweza kuvilipia na mwanafunzi yuko tayari kwenda.

Rudia kadirio mara mbili: alama za mwisho za SAT zinapotoka, na katikati ya Desemba majibu ya mapema yanapofika. Akikataliwa, shusha makadirio ya vyuo vinavyofanana na hicho na uongeze vya kundi la kati kabla ya Januari mosi, siku ambayo vyuo vingi hufunga maombi au inayokaribia kufungwa kwake.