Somo: Paja nene halinyooshi goti, lakini linaweza kuliokoa

Swali ninaloulizwa kila juma mazoezini ni hili: nikijaza mapaja, matege yatanyooka? Kabla sijajibu, jipime kwanza. Inaniuma kuona vijana wakibeba vyuma vizito juu ya magoti ambayo hawajawahi hata kuyatazama.

Hatua ya 1. Simama peku mbele ya kioo kirefu, pia za magoti zitazame mbele, kisha kusanya miguu. Vifundo vikigusana na magoti yakaachana, hayo ni matege. Magoti yakigusana na vifundo vikaachana, magoti yako yanagongana. Nafasi ndogo isikutie hofu.

Hatua ya 2. Kaa chini, nyoosha miguu, legeza misuli. Tia alama ya kalamu sentimita 15 juu ya pia, uzungushe futi ya fundi cherehani hapo bila kubana. Pima mapaja yote mawili. Tofauti ya sentimita moja ni ya kawaida. Ikizidi hapo, kumbuka mguu ule uliumia lini. Goti likivimba, hata kwa maji kidogo, mishipa ya fahamu huuzima kiasi msuli wa mbele wa paja, na msuli uliozimwa husinyaa kwa wiki chache tu. Usimwite mtu huyo mvivu. Uvimbe utibiwe kwanza, paja litarudi.

Hatua ya 3. Hii ndiyo ninayoijali kuliko zote. Simama kwa mguu mmoja, shuka polepole kama unayetaka kukalia kiti. Goti linafuata kidole cha pili cha mguu, au linaangukia ndani? Nimeona mapaja manene yakishindwa hapa, na membamba yakipita. Msuli wa mbele wa paja una vichwa vinne, yaani sehemu nne, vinavyovuta pia moja, na kazi yake ni kukunjua goti lililokunjwa, si kuondoa matege. Anayelizuia lisiangukie ndani, zaidi, ni msuli wa ubavuni mwa nyonga.

Hatua ya 4. Kaa na usimame kwenye kiti bila kushika, mara 10, seti 3. Kisha lala ubavu, inua mguu wa juu ulionyooka, idadi ileile. Siku 3 kwa wiki zinatosha.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 3, magoti yanagongana. Nimfunge vibao?*
Marahaba, mama. Usimfunge. Watoto wengi huanza na matege, wakifika miaka 3 au 4 magoti hugongana, na kufikia 7 hivi hunyooka yenyewe. Mpeleke kwa daktari ikiwa mguu mmoja tu ndio umepinda, au anachechemea, au anaumwa.

*Huku kwetu chini ya Mlima Meru watoto kadhaa wana miguu iliyopinda. Ni lishe?*
Yaweza kuwa lishe, lakini angalieni maji. Maji ya huko yana floraidi nyingi, yaani madini yaliyoyeyuka majini, na magadi mnayotia kwenye makande yanaweza kuiongeza. Ikizidi miaka na miaka, hupinda mifupa ya mtoto anayekua. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Ulizeni hapo. Kuchemsha maji hakuiondoi.

*Kocha, nimeambiwa nifanyie mazoezi kichwa cha ndani cha paja peke yake.*
Huwezi, ndugu yangu. Vichwa vyote vinne hupokea amri kwa mshipa mmoja wa fahamu. Fanya kazi ya paja zima.

*Nina miaka 52, matege tangu ujana, goti linauma upande wa ndani. Nimechelewa?*
Hujachelewa. Kwa mwenye matege, uzito mwingi hulemea upande huo wa ndani, na gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ndiyo inayolika. Mazoezi hayatanyoosha mfupa wako; mfupa wa mtu mzima hunyooshwa kwa upasuaji. Ila paja lenye nguvu hupunguza maumivu, na ngazi zitapandika. Anza na kiti kirefu, ushuke hadi pale maumivu yanapoanza, usivuke hapo.