Kukamua nguo kwa mashine ya mkono bila kuvunja vifungo vya watu

Mambo vipi wadau, mimi dobi wa hapa Ngamiani, Tanga. Masika haya jua la kubahatisha, umeme nao unakatika, na mashuka ya gesti hayasubiri, kwahiyo ile mashine ya rola mbili za raba yenye mkono wa kuzungusha ndo inanilisha. Naulizwa sana mbona yangu haiharibu nguo, haya twende.

Kwanza ibane kwenye ukingo wa meza mpaka ukiisukuma haitikisiki. Chini ya rola weka bati lenye mteremko maji yarudi kwenye beseni, la sivyo unakamua huku unaloa miguu.

Pili, na hapa ndo wengi wanaharibu, ile skrubu ya juu inayokandamiza springi. Usiikaze mpaka mwisho! Kanga na shuka jepesi kaza, taulo na blanketi legeza, maana kitu kinene kinajibana chenyewe. Mkono ukigoma usiite mtu akusaidie kuzungusha, mtakata meno ya gia, we legeza, pitisha mara moja, kaza kidogo, pitisha tena.

Tatu kukunja. Shuka likunje kwa urefu liwe na unene sawa upana wote, ukiingiza donge upande mmoja basi rola zinaachana na upande wa pili unatoka na maji yake vilevile. Zipu funga, vifungo viingie ndani ya mkunjo vikiwa vimelala, vikisimama vinapasuka. Nishawahi kulipa vifungo vitano vya shati moja, faida ya siku nzima kwisha.

Nne ingiza ncha, toa vidole, NDO uzungushe. Watoto mbali, wanapenda kushika ule mkono wakati vyako viko mdomoni mwa rola. Kanga mpya zinazochuja ziwe za mwisho.

Ukimaliza legeza skrubu kabisa. Mimi niliiacha imekazwa nikaenda kula Idi Pangani, kurudi raba zimebonyea, ikawa inarukaruka kama baiskeli yenye ringi iliyopinda. Halafu futa chuma na ukaushe, upepo wetu huu wa bahari una chumvi, tia tone la oili kwenye beringi tu, ikigusa raba inavimba, na shuka jeupe la kwanza kupita hapo utalinunua wewe.