Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mwalimu Aliyekuwa Pia Mama na Nyanya

Mkutano wa kwanza wa mazishi hapa Nairobi huwa na kazi nyingi za kugawana. Huyu anashika hazina, yule usafiri, mwingine hema na chakula. Wasifu huachwa hadi mchapishaji anapopiga simu akiuliza maandishi yako wapi, ndipo kifungua mimba anapoambiwa aandike chochote usiku huohuo. Ikiwa uliyempoteza alikuwa mwalimu, usikubali. Jioni hiyo ya kwanza omba kazi ya kuandika uwe wewe mmoja, na uwaambie watu namba ya simu watakayokupigia kukupa habari zake. Wasifu unaoandikwa na kamati hutoka na sifa tupu.

Mama yangu alifundisha shule za msingi za Eastlands tangu miaka ya sitini hadi alipostaafu 2001, na mimi ndiye niliyeandika wasifu wake. Tangu wakati huo watu wa kanisa letu pale Makadara hunijia wakifiwa na mwalimu. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anza na karatasi zake. Walimu wa rika lile hawakutupa karatasi. Tafuta sanduku la bati, mkoba wa zamani, faili iliyo juu ya kabati. Utapata cheti cha ualimu, barua za uhamisho, barua za kupandishwa daraja, labda hata pesilipu za miaka ile. TSC, tume inayowaajiri walimu, iliundwa 1967, kwa hiyo aliyeanza kazi kabla ya hapo huenda barua zake za kwanza zikawa za misheni au za serikali ya mtaa. Zipange kwa tarehe mezani kabla hujamuuliza mtu swali lolote, maana ndugu wawili wanaweza kubishana saa nzima kuhusu shule aliyoanzia, ilhali barua iko hapo chini ya vitabu vya nyimbo.

Angalia pia madaraja ya ualimu. Wengi wao walianza wakiwa P3 au P2, madaraja ya chini ya walimu wa msingi, na kupanda hadi P1 kulikuwa kazi ya usiku, mtu akisomea mtihani wake baada ya kusahihisha ya wanafunzi. Mama alisoma mezani jikoni, taa ya chemni karibu na daftari, nasi tumelala chumba kilekile. Ukiandika tu kwamba "alipanda cheo", msomaji anapita. Eleza alivyopanda, na nani alibaki na watoto alipokwenda kufanya mtihani.

Pale karatasi zinapokosekana, tumia matukio ambayo kila mtu anayakumbuka. Muulize shangazi: je, ilikuwa kabla au baada ya Mzee Kenyatta kufariki, 1978? Alikuwa shule gani maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, yalipoanza kugawiwa, 1979? Siku ya jaribio la mapinduzi, Agosti 1982, alikuwa mtaa gani? Darasa lake la KCPE ya kwanza, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, 1985, lilikuwa wapi? Aliandamana katika mgomo wa walimu wa 1997? Na kama alikuwa bado kazini 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure, waulize wenzake darasa lake lilifikia watoto wangapi mwaka huo. Umri wa kustaafu nao husaidia: hadi 2009 ulikuwa miaka 55, kisha ukawa 60, hivyo ukijua mwaka aliozaliwa utaukadiria aliostaafu, au kinyume chake.

Sasa wanafunzi wake. Hapa tumia muda wako mwingi kuliko kwingine kote, kwa sababu familia haikuwahi kumwona akiwa kazini. Mwalimu wa mtaani ana wanafunzi kila kona ya jiji hili. Weka ujumbe katika makundi ya WhatsApp ya mtaa na ya shule, kisha uwapigie simu mmoja mmoja. Usiulize, "Mwalimu alikuwa mtu wa aina gani?" Utajibiwa kwamba alikuwa mkali lakini mwenye upendo, na hayo yameshasemwa juu ya kila mwalimu aliyezikwa Kenya. Uliza ulikaa dawati gani. Uliza alikuitaje, jina lako au la babako. Ulikosa nini akakuadhibu? Mtoto akija bila sare, alifanyaje?

Fundi mmoja wa magari kule Kirinyaga Road aliniambia kwamba mama alikuwa na sindano, uzi na kopo la vifungo katika droo ya meza yake, na kwamba alimshonea shati asubuhi kabla ya gwaride ili mwalimu wa zamu asimtoe mbele. Mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba alisema kwamba jina likiitwa kwenye rejista bila jibu siku mbili mfululizo, jioni ya siku ya pili ungemwona Mwalimu mlangoni kwenu, mkoba begani, akiuliza mtoto yuko wapi. Sisi watoto wake tulidhani amechelewa kwa sababu ya matatu. Niliyaandika yote mawili kama yalivyosemwa, na siku ya ibada watu walioketi nyuma walianza kuongeza majina ya watoto wengine waliofuatwa nyumbani.

Walimu wenzake watakupa mambo mengine: nani alikuwa akimwachia darasa, alivyopiga chaki ubaoni, mikono ya nani ilihesabu pesa za chama chao cha kuchangiana. Simu moja au mbili zinatosha.

Upande wa umama, andika ukweli bila kuogopa. Watoto wa mama mwalimu humgawana na darasa zima. Kuna jioni alizorudi amechoka hata hakutaka kuulizwa swali, na kuna mtoto aliyefundishwa naye na ambaye shuleni ilimbidi amwite "Mwalimu" kama wengine. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto huyo. Mambo haya hayamshushi. Yanaonyesha gharama aliyolipa, na wasikilizaji waliolelewa na walimu watakushukuru kwa kuyataja.

Wajukuu wasikilize mmoja mmoja, kwa sababu ukiwaweka pamoja wote watarudia alichosema wa kwanza. Washa kinasa sauti cha simu uwaache waseme. Wao walimjua mtu aliyekwisha kustaafu: shosho wa chapati za Jumamosi, anayesahihisha daftari zao kwa kalamu nyekundu hata wakiwa likizoni. Mjukuu mdogo kuliko wote alisema, "Shosho alikuwa ananisomea gazeti kuanzia nyuma." Niliiacha hivyohivyo. Usiyarembeshe maneno ya mtoto, na usiyarembeshe maneno ya marehemu pia. Kama alikuwa na neno lake, liandike. Mama akisikia mtu anajisifu alikuwa akisema, "Andika, tuone."

Ukimaliza rasimu, pitia na kalamu ukikata "mchapakazi", "mcha Mungu" na "mwenye bidii". Kila ulipokata, weka tendo moja. Ugonjwa uupe sentensi moja, maana siku za mwisho hazistahili kumeza miaka yake hamsini ya afya. Majina ya watoto, wakwe na wajukuu msomee mzee wa familia kabla ya kuchapa, pamoja na mtoto aliyetangulia mbele ya haki, ambaye lazima atajwe. Hapo ndipo ugomvi wa mazishi huanzia.

Kuhusu lugha, vijitabu vingi vya ibada Nairobi hutoka kwa Kiingereza. Ninaomba familia ziandike kwa Kiswahili, kwa sababu jirani wa ploti, mama mboga na mlinzi wa shule pia walikuwa watu wake. Kama mazishi yako mashambani, tayarisha wasifu mara mbili: ule wa ibada ya jiji, uliojaa shule na mtaa, na mfupi wa nyumbani, unaoanza na wazazi wake na kijiji alichozaliwa. Wa jijini usizidi kurasa mbili zilizochapwa. Mpe msomaji mmoja mwenye sauti tulivu, na umtafute wa pili wa kumpokea akizidiwa na machozi.

Kwa wachapishaji wa River Road, kumbuka kwamba kijitabu cha kukunja huenda kwa kurasa nne nne: kumi na mbili, kumi na sita, ishirini. Ukipeleka kurasa kumi na nne utaulizwa ujaze au upunguze. Picha zipige au zitoe nakala upya kutoka kwenye picha asili, na ukizituma kwa WhatsApp zitume kama faili, kwani zikitumwa kama picha hupungua ubora na kutoka na ukungu. Ya jalada iwe ya siku za nguvu zake. Tafuta angalau moja akiwa na darasa lake lote, uichape ukurasa mzima, ili kila mtu mzima aliyehudhuria ajitafute.

Chapisha nakala chache zaidi ya idadi ya watu mnaowatarajia. Mbili zipelekwe shule ya mwisho aliyofundisha, moja ibaki na kila mjukuu. Maandalio yake ya masomo na daftari za alama msiyachome pamoja na takataka nyumba inaposafishwa. Yafungeni katika lile sanduku la bati na muandike juu yake ni ya nani na ya miaka ipi.