Zoesha miche ya nyanya jua kabla ya kuipeleka shambani

Hapa Lushoto baridi humdanganya mkulima. Unaliona jua dogo, kumbe kadiri unavyopanda mlima ndivyo mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inavyozidi. Msimu wangu wa kwanza nilitoa miche 200 kwenye kitalu nyumba, ambako nailoni ilikuwa ikiikinga, nikaipanda mchana uleule. Siku ya tatu majani yalikuwa meupe kama karatasi. Iliyosalia kwenye trei, nayo imeshababuka, nikaificha stoo, gizani. Kosa hilo la pili ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mionzi ile ikipiga jani, hugandisha pamoja herufi mbili jirani za DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli, mara nyingi mbili za herufi iitwayo thaimini, na seli hushindwa kusoma maelekezo yake. Mmea una kimeng'enya cha kutibu jeraha hilo, fotolayasi. Hung'ang'ania pale herufi zilipogandana, hunasa mwanga wa buluu, na kwa nguvu ya mwanga huo huziachanisha herufi zikarudi kama zilivyokuwa. Sisi binadamu hatunacho. Gizani mmea hubakiwa na njia ya kukata kipande kilichoharibika na kukijaza upya, nayo huenda polepole. Kule stoo niliinyima miche yangu dawa yake.

Sasa nafanya hivi. Miche ikifikisha majani manne halisi, naitoa nje saa 1 asubuhi na kuirudisha kivulini saa 3. Wakati huo jua liko chini, mionzi mikali imechujwa sana na anga, lakini mwanga wa buluu ni tele. Hata mionzi kidogo inayofika ina faida: kipokezi kiitwacho UVR8 huihisi, na jani huanza kujiwekea kwenye ngozi yake flavonoidi, kemikali zinazochuja mionzi hiyo, kinga yake lenyewe. Kila siku naongeza saa moja. Siku ya mawingu nahesabu vilevile, maana mionzi hupenya mawingu. Maji napunguza bila kuiacha inyauke.

Kivuli kiwe cha wavu au nyasi zilizotandazwa kwa nafasi, mwanga upenye. Turubai hapana.

Baada ya siku kumi hivi napanda, saa 11 jioni. Mche ukibabuka ungali kwenye trei, usiung'oe. Uweke chini ya wavu na uangalie ncha ya juu. Ikitoa jani jipya la kijani, upeleke shambani.