Usibandike msimbo kwenye muswada

Ukiandika kitabu cha kufundisha programu, weka kila mfano wa msimbo kwenye faili lake linaloendeshwa na kujaribiwa, kisha muswada uuvute kutoka humo. AsciiDoc, lugha ya kuandikia nyaraka na vitabu, ina amri ya include inayoingiza faili jingine, na kwa alama za tag ndani ya faili hilo unachagua kipande tu cha kuonyesha. Maktaba ya msimbo unayoitegemea ikibadilika na mfano ukavunjika, jaribio litakuambia kabla ya msomaji. Ukirekebisha faili, ukurasa nao umerekebishika. Mimi nilianza nikiwa sura ya sita, ikabidi nizirudie tano zote. Njia hii haisaidii kwa msimbo uliokosewa makusudi ili kuonyesha kosa, wala haioni mistari mirefu inayokatika kwenye karatasi. Hiyo ihesabu mwenyewe. Mimi sivuki herufi 72 kwa mstari.